Handaki Kati ya Tanga na Mbeya: Kuunganisha Ofisi Mbili kwa VPN kwenye Ruta za Kuigiza

Ping inayojibu si ushahidi kwamba VPN yako inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu mazoezi mengi ya VPN kwenye ruta za kuigiza huharibikia hapo hapo. Mwanafunzi anaunganisha ruta tatu, anawasha OSPF kila mahali ili kila mtandao uujue mwenzake, anaandika amri za usimbaji alizonakili, anapiga ping kutoka kompyuta moja hadi nyingine, inajibu, anafunga laptop akijiona fundi. Ping hiyo ingejibu hata asingeandika mstari mmoja wa VPN. Pakiti zake zimepita wazi katikati ya "intaneti" yake, na handaki lipo tu, halijatumika.

Hapa tutajenga handaki moja la IPsec kati ya ofisi mbili za kubuni, moja Tanga na nyingine Mbeya, kwa namna ambayo handaki likikataa, hakuna kitakachopita. IPsec nimeichagua kwa sababu moja: ndiyo lugha ambayo ruta za Cisco, MikroTik, Juniper na Fortinet zote zinaielewa, na ndiyo hiyo hiyo utakayoulizwa ukitaka kuunganisha ofisi na seva zilizoko kwenye wingu la Amazon. Chombo chetu ni Packet Tracer, programu ya Cisco inayopatikana bure kwa anayejisajili kwenye Networking Academy. Ni nyepesi na haisumbui kompyuta ya kawaida. GNS3 iko karibu zaidi na ruta halisi, lakini inataka kumbukumbu kubwa na inataka mfumo wa IOS, ambao ni mali ya Cisco na si kitu cha kuokota kwenye flashi ya rafiki. Ukipenda GNS3 bila kuvunja sheria, weka VyOS ambayo ni mfumo huria. Amri zitabadilika, lakini mantiki ya hatua zote utaikuta ile ile.

Ramani kwanza, amri baadaye

Weka ruta tatu aina ya 2911, swichi mbili aina ya 2960 na kompyuta mbili. Ruta ya kwanza iite TANGA, ya mwisho MBEYA, na ile ya kati iite KATI. Hiyo inasimama badala ya mtoa huduma wa intaneti. Kama hujui kebo ipi iende wapi, bofya alama ya radi na programu itajichagulia. Anwani zetu ni hizi:

```
TANGA   g0/0 ndani   192.168.10.1    255.255.255.0
        g0/1 nje     198.51.100.2    255.255.255.252
KATI    g0/0         198.51.100.1    255.255.255.252
        g0/1         203.0.113.1     255.255.255.252
MBEYA   g0/1 nje     203.0.113.2     255.255.255.252
        g0/0 ndani   192.168.20.1    255.255.255.0
Kompyuta ya Tanga    192.168.10.10   lango 192.168.10.1
Kompyuta ya Mbeya    192.168.20.10   lango 192.168.20.1
```

Anwani za nje sikuzichagua kwa kubahatisha. Mafungu ya 198.51.100.0 na 203.0.113.0 yalitengwa na RFC 5737 ya mwaka 2010 kwa ajili ya vitabu na mifano, kwa hiyo hazitagongana na mtu yeyote hata siku ukiunganisha maabara yako na mtandao halisi kwa bahati mbaya.

Sasa jambo ambalo zoezi zima linaling'ang'ania: ruta ya KATI isijue chochote kuhusu 192.168.10.0 wala 192.168.20.0. Usiipe njia ya kuelekea huko, na usiwashe RIP, OSPF wala EIGRP popote. KATI inajua milango yake miwili tu, basi. Hivyo ndivyo intaneti yenyewe ilivyo. Anwani za 192.168 ni za ndani tangu RFC 1918 ya mwaka 1996, na mtoa huduma akiiona pakiti inayoelekea huko anaitupa. Tunataka KATI yetu nayo iitupe.

Leseni

Kabla hujaandika anwani yoyote, washa kifurushi cha usalama kwenye TANGA na MBEYA. Ruta za 2911 kwenye Packet Tracer huja zikiwa hazina amri za `crypto isakmp` wala `crypto ipsec`. Ukiziandika utajibiwa kwamba amri haitambuliki, na wengi hapo hudhani wamekosea herufi.

```
configure terminal
license boot module c2900 technology-package securityk9
```

Itakuonyesha masharti marefu na kukuuliza kama unakubali. Andika `yes`, kisha:

```
end
copy running-config startup-config
reload
```

Ruta ikirudi, andika `show version` na ushuke hadi chini. Kwenye jedwali la leseni, mstari wa security unapaswa kuonyesha securityk9. KATI haihitaji leseni hii, kwa sababu kazi yake ni kupitisha pakiti tu bila kufahamu kilichomo.

Barabara kabla ya handaki

Kwenye TANGA:

```
hostname TANGA
interface g0/0
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.0
 no shutdown
interface g0/1
 ip address 198.51.100.2 255.255.255.252
 no shutdown
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 198.51.100.1
```

MBEYA ni vivyo hivyo kwa anwani zake, na njia yake ya jumla inaelekea 203.0.113.1. KATI ipe anwani zake mbili, uishie hapo.

Usiidharau ile `ip route` ya mwisho. Ruta hupanga njia kwanza, ndipo inafikiria kusimba. Pakiti inayokwenda Mbeya lazima kwanza ielekezwe kwenye mlango wa nje, na pale mlangoni ndipo inapokaguliwa kama inastahili kusimbwa. Bila njia ya jumla, pakiti inafia ndani ya ruta kabla haijaufikia mlango wenyewe, na utakaa usiku kucha ukikagua funguo ambazo hazina kosa lolote.

Fanya majaribio mawili. Kutoka TANGA, piga ping 203.0.113.2: lazima ijibu, maana bila hivyo ruta mbili hizi hazitaweza hata kusalimiana. Kisha kutoka kompyuta ya Tanga, piga ping 192.168.20.10: lazima ikatae. Utaona `Request timed out`, kwa sababu KATI imeitupa pakiti na haina hata njia ya kurudisha taarifa kwa 192.168.10.10 kwamba imeitupa. Kama ping hii ya pili imejibu, simama. Kuna njia mahali umeiacha wazi. Itafute uiondoe, la sivyo kila utakachofanya kuanzia hapa hakitathibitisha kitu.

Mapatano ya kwanza

IPsec hufanya mapatano mawili. La kwanza ni la ruta zenyewe: zinajuana, zinahakikishana, na zinatengeneza njia ya siri ya kuzungumzia mambo yao. Hapo bado data ya ofisi haijaguswa. Kazi hii inafanywa na IKE, ambayo kwenye amri za Cisco utaiona kwa jina la `isakmp`, kupitia UDP namba 500.

```
crypto isakmp policy 10
 encryption aes 256
 hash sha
 authentication pre-share
 group 5
 lifetime 3600
exit
crypto isakmp key Mkwaju7Pangani address 203.0.113.2
```

Kwenye MBEYA andika hayo hayo, ila mwisho uweke `address 198.51.100.2`. Kila upande unaandika anwani ya mwenzake, kamwe si yake. Usimbaji, hashi, namna ya uthibitisho na kundi lazima vifanane pande zote mbili. Muda unaweza kutofautiana. Ruta hufuata ule mfupi. Namba 10 baada ya `policy` ni ya kupangia kipaumbele kwenye ruta hiyo tu, kwa hiyo Tanga inaweza kuwa na 10 na Mbeya 20 na bado wakaelewana. Nimeona watu wakibadilisha namba hiyo tena na tena wakidhani ndiyo kiini cha ugomvi. Siyo.

Kundi ni la Diffie-Hellman, hesabu iliyotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, inayowezesha pande mbili kutengeneza siri moja zikiongea hadharani bila kuitamka siri yenyewe. Kundi la 5 lina biti 1536. Kwa maabara inatosha. Kwenye kifaa cha kazi anzia kundi la 14, lenye biti 2048. Ukisahau kuandika kitu, ruta ya IOS haikukumbushi. Inachukua chaguo lake la asili, ambalo kwa miaka mingi limekuwa DES na kundi la 1, vitu ambavyo leo havimzuii mtu.

Ufunguo wa pamoja chagua mrefu, na uepuke alama ya kuuliza, kwa sababu ruta itadhani unaomba msaada. Ufunguo huo unaonekana wazi wazi kwenye `show running-config`. Ukituma usanidi wako kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili usaidiwe, ufute kwanza.

Mapatano ya pili

Sasa data ya ofisi yenyewe. Hapa ruta zinakubaliana namna ya kusimba, na pakiti zipi zisimbwe.

```
crypto ipsec transform-set FUNGU esp-aes 256 esp-sha-hmac

access-list 110 permit ip 192.168.10.0 0.0.0.255 192.168.20.0 0.0.0.255

crypto map HANDAKI 10 ipsec-isakmp
 set peer 203.0.113.2
 set transform-set FUNGU
 match address 110
exit

interface g0/1
 crypto map HANDAKI
```

Ukiweka ile `crypto map` ya kwanza, ruta itakuonya kwamba ramani hiyo imezimwa hadi uiambie mwenzake ni nani na orodha ni ipi. Hiyo si hitilafu, endelea tu. Ukimaliza kuibandika kwenye mlango wa nje, utaona ujumbe kwamba ISAKMP imewashwa.

Orodha 110 inastahili tuikalie kidogo, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Tumezoea kwamba orodha ya ruhusa hufungua na kufunga njia. Hapa haifanyi hivyo. `permit` maana yake ni "hii ipite handakini", na kisichotajwa hakizuiwi, kinapita nje ya handaki kikiwa wazi. Kwa hiyo mfanyakazi wa Tanga anayesoma habari kwenye tovuti fulani hapiti Mbeya, anakwenda moja kwa moja kwenye intaneti. Orodha hiyo hiyo hufanya kazi pia wakati wa kuingia: pakiti iliyotakiwa kuja ikiwa imesimbwa, ikija wazi, ruta inaikataa. Ndiyo maana kwenye mtandao ambao pakiti zilikuwa zikipita wazi, ukisanidi upande mmoja tu, mambo yanakuwa mabaya kuliko kabla hujagusa kitu.

Kwenye MBEYA `set peer` ni 198.51.100.2, na orodha lazima igeuzwe: chanzo ni 192.168.20.0 na mwisho ni 192.168.10.0. Usinakili mstari wa Tanga kama ulivyo. Na usiandike `any` kwa uvivu, ukisema "ili kila kitu kipite". Utaivuta handakini hata mizigo isiyohusika, na pande mbili zikitofautiana kwenye orodha zitakataana. `FUNGU` na `HANDAKI` ni majina yangu tu, weka yako.

Kinachotokea kwenye mlango wa nje ni sawa na kutuma kifurushi kwa basi. Barua yenye jina la mpokeaji wa Mbeya inafungwa ndani ya boksi, na juu ya boksi linaandikwa jina la wakala wa stendi ya Tanga na wakala wa stendi ya Mbeya. Konda anasoma ya nje tu. Pakiti ya 192.168.10.10 kwenda 192.168.20.10 inafungwa nzima, pamoja na anwani zake, ndani ya pakiti mpya ya kutoka 198.51.100.2 kwenda 203.0.113.2. KATI inaona anwani mbili za nje na mzigo wa ESP, itifaki namba 50. Haijui kama ndani kuna ping, barua pepe au mishahara ya watu.

Ushahidi

Handaki hili halijiamshi lenyewe. Ukimaliza kusanidi na kuandika `show crypto isakmp sa`, utakuta patupu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Linaamshwa na pakiti ya kwanza inayolingana na orodha 110. Kwa hiyo nenda kwenye kompyuta ya Tanga upige ping 192.168.20.10. Ya kwanza, pengine na ya pili, zitapotea wakati ruta zinapatana. Zinazofuata zitajibu.

Sasa usifurahi bado. Andika kwenye TANGA:

```
show crypto isakmp sa
```

Kwenye safu ya hali unatafuta `QM_IDLE`, na pembeni yake `ACTIVE`. Maana yake mapatano ya kwanza yamesimama na yanasubiri kazi. Halafu:

```
show crypto ipsec sa
```

Hii hutoa maandishi mengi. Mistari unayoihitaji ni miwili:

```
#pkts encaps: 3, #pkts encrypt: 3
#pkts decaps: 3, #pkts decrypt: 3
```

Ya kwanza ni pakiti zilizofungwa na kutoka, ya pili ni zilizopokelewa na kufunguliwa. Piga ping tena na utazame. Hesabu zikipanda zote mbili, handaki linabeba mzigo. Hizi hesabu ndizo ushahidi, na fundi anayekwambia "VPN iko sawa, nimeping" bila kuzitazama anakupa matumaini tu.

Kama bado una shaka, liue handaki kwa makusudi. Ingia `interface g0/1` ya TANGA, andika `no crypto map HANDAKI`, upige ping tena kutoka kwenye kompyuta. Lazima ife. Irudishe, ping ifufuke. Baada ya hapo geuza Packet Tracer kwenye hali ya Simulation, rusha pakiti moja, na ibofye ikiwa juu ya KATI. Utaona mwenyewe kwamba anwani za 192.168 hazionekani kwenye kichwa cha nje.

Likigoma

Litagoma, na hapa ndipo pa kujifunzia hasa. Soma dalili kwanza kabla hujabadilisha kitu. Tabia ya kufuta yote na kuandika upya hukupa handaki linalofanya kazi bila kukupa ujuzi wa kulitengeneza.

Kama `show crypto isakmp sa` ni tupu hata baada ya ping, basi ruta haijawahi kuona sababu ya kuanza mazungumzo. Angalia kama njia ya jumla ipo, kama ramani imebandikwa kwenye mlango wa nje (si wa ndani, kosa la kawaida mno), na kama orodha 110 inahesabu chochote ukiandika `show access-lists`. Na angalia ulipigia ping wapi. Ukisimama kwenye ruta ya TANGA yenyewe na kuandika `ping 192.168.20.10`, ruta inatumia anwani ya mlango wake wa nje kuwa chanzo, yaani 198.51.100.2. Hiyo haimo kwenye orodha. Pakiti inatoka wazi, KATI inaitupa, nawe unalaumu handaki ambalo halikuguswa. Tumia ping ndefu: andika `ping` peke yake, ujibu maswali, na kwenye chanzo uweke 192.168.10.1. Au tumia kompyuta.

Kama hali ni `MM_NO_STATE`, mazungumzo yalianza yakafa mapema. Ama anwani ya mwenzake imekosewa, ama hafikiki, ama sera za mapatano ya kwanza hazilingani. Linganisha kwa `show crypto isakmp policy` pande zote mbili, wala usitegemee `show running-config`, kwa sababu hiyo haionyeshi vitu vilivyobaki kwenye chaguo la asili. Upande mmoja ulioandikwa kundi la 5 na mwingine uliosahauliwa ukabaki na la 1, tofauti yake utaiona kwenye amri ya kwanza moja kwa moja.

Kwenye ruta halisi, hali ikikwama `MM_KEY_EXCH`, shuku ufunguo. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Packet Tracer haipiti kila hatua kwa uaminifu wa ruta halisi, kwa hiyo huenda hali hii usiione. Ufunguo ukague hata hivyo.

Kama `QM_IDLE` ipo lakini ping haipiti, mapatano ya kwanza ni mazima na tatizo liko kwenye la pili: `transform-set` hazifanani, au orodha 110 ya upande mmoja si kioo cha ile ya upande mwingine. Kwenye `show crypto ipsec sa` utaona hakuna SPI (namba inayotambulisha mapatano) iliyosajiliwa, si ya kuingia wala ya kutoka.

Dalili ninayoipenda kuliko zote ni ya `encaps` kupanda huku `decaps` ikibaki sifuri. Inakuambia mengi kwa mstari mmoja: upande wako unatuma vizuri, na hakuna kinachorudi. Acha kuchokonoa ruta yako. Nenda Mbeya. Ukikuta kule `decaps` inapanda na `encaps` ni sifuri, pakiti zinafika na majibu hayaingii handakini: pengine kompyuta ya Mbeya haina lango, au lango lake si sahihi, au NAT ya Mbeya imeyabadilisha majibu kabla hayajafika kwenye orodha. Kwenye ofisi halisi ongeza ukuta wa moto wa Windows kwenye orodha ya washukiwa. Ukikuta kule zote ni sifuri, basi kuna kitu katikati kinachozuia ESP.

Ukisharekebisha, mapatano ya zamani yanaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya ruta. Kwenye kifaa halisi `clear crypto isakmp` na `clear crypto sa` huyaondoa. Kwenye Packet Tracer njia ya uhakika ni kuhifadhi usanidi na kuwasha ruta upya.

NAT

Ofisi yoyote ya kweli hutumia mlango ule ule wa nje kwa VPN na kwa intaneti ya kawaida, na intaneti ya kawaida inapita kwenye NAT. Kwenye ruta ya Cisco, pakiti inayotoka ndani kwenda nje hupitia NAT kwanza, kisha ndipo ikaguliwe kwa usimbaji. Ikibadilishwa chanzo chake kuwa 198.51.100.2, haitalingana tena na orodha 110. Kwa hiyo lazima uiambie NAT iziache pakiti za Mbeya:

```
access-list 120 deny ip 192.168.10.0 0.0.0.255 192.168.20.0 0.0.0.255
access-list 120 permit ip 192.168.10.0 0.0.0.255 any
ip nat inside source list 120 interface g0/1 overload
```

Weka `ip nat inside` kwenye g0/0 na `ip nat outside` kwenye g0/1. Mstari wa `deny` lazima utangulie. Fanya vivyo hivyo Mbeya kwa kugeuza anwani. Kama handaki lako lilikuwa zima hadi juzi, likafa baada ya mtu "kuweka intaneti tu", anzia hapa.

Usiyoyaona mezani

Maabara ina upole ambao kazini hutaupata. Kwanza, tumeandika IKE ya toleo la 1, kwa sababu ndiyo inayofundishwa kwenye chombo hiki na ndiyo iliyojaa kwenye ruta za zamani. IETF iliistaafisha rasmi mwezi Aprili 2023 kwa RFC 9395. Kifaa kipya kisanidi kwa IKEv2. Ukielewa mapatano mawili ya hapo juu, hutapotea.

Pili, hapa kila ofisi ina anwani yake ya hadharani. Ofisi nyingi ndogo za kwetu zinapata intaneti kwa ruta ya laini ya simu, na anwani inayotolewa mara nyingi iko ndani ya NAT ya kampuni yenyewe, kwenye fungu la 100.64.0.0/10 au kwenye anwani za ndani. Ofisi mbili za namna hiyo haziwezi kuanzishana moja kwa moja. Angalau upande mmoja ununue anwani ya kudumu, na ule mwingine ndio uwe unaanza mazungumzo kila mara, huku pakiti za ESP zikifungwa ndani ya UDP namba 4500 ili zivuke NAT. Uliza jambo hili kabla ya kusaini mkataba wa intaneti.

Tatu, boksi la nje linaongeza uzito. Pakiti ya baiti 1500 ikifungwa inazidi kipimo cha njia. Dalili yake inachanganya: ping inapita, tovuti ndogo zinafunguka, lakini mfumo wa uhasibu unaganda katikati. Mstari wa `ip tcp adjust-mss 1360` kwenye mlango wa ndani huondoa kero hiyo mara nyingi.

Na nne, handaki la aina hii halibebi pakiti za kundi (multicast) kama zile za OSPF. Ofisi zikifika tano au sita, orodha za ruhusa zinakuwa kero isiyovumilika. Wakati huo hamia kwenye GRE iliyofungwa na IPsec, au kwenye milango ya handaki ambayo ruta inaiona kama mlango mwingine wowote.

Ukimaliza yote haya, hifadhi faili la Packet Tracer, kisha umpe mwenzako. Aharibu mstari mmoja kwenye ruta mojawapo, asikwambie upi, akurudishie. Ukiupata kwa kusoma hesabu na hali tu, bila kufungua `show running-config` na kulinganisha mstari kwa mstari, uko tayari kugusa ruta ya ofisi ya watu.